TAHADHARI: Muuzaji wa pusete za mapacha hapa Lubumbashi, msimtumie avanse

Wamama wa Lubumbashi, hasa ninyi wenye mapacha au watoto wawili waliofuatana karibu, mnaojiandaa kusafiri na familia likizo kubwa: kuna mtu anauza pusete (vigari vya kusukumia watoto) za watoto wawili kwa WhatsApp na kwenye kurasa za vitu vya okazio, yaani vilivyokwisha kutumika. Mimi ameniuzia kitu kilichovunjika, kikapakwa rangi na kubandikwa jina la uongo. Mama mmoja wa Katuba alimtumia avanse (malipo ya awali) ya dola 80, hadi leo hajaona hata gurudumu. Jina lake siliandiki kwa sababu nimeshamwona na majina matatu, na namba za simu anabadilisha kila mara. Namna yake ya kufanya kazi ndiyo haibadiliki, na hiyo nitawaeleza yote.

Sisi tulikuwa tunakwenda Florida, kule Marekani, kwa shemeji yangu. Tulikuwa tumeweka akiba kwa miaka mitatu, dola kumi, dola ishirini, kadiri mwezi ulivyoruhusu. Haraka yetu ilitokana na umri wa mapacha: kule Walt Disney World, bustani kubwa ya michezo ya Florida, mtoto ambaye hajafikisha miaka 3 hahitaji tiketi, na wetu walikuwa wamebakiza wiki tano tu. Kwa familia kama yetu, tiketi mbili zinazopungua ni jambo kubwa.

Kwa ambaye hajafika, bustani ile si kama zoo yetu ya hapa, ambayo unaizunguka asubuhi na saa sita umerudi nyumbani. Ni bustani nne zilizoachana mbali. Magic Kingdom ilifunguliwa mwaka 1971, Epcot 1982, Hollywood Studios 1989, Animal Kingdom 1998, na kila moja inakula siku nzima. Julai, wakati sisi huku tunavaa makoti asubuhi, kule ni jua kali na joto la unyevu, halafu alasiri inapiga mvua ya radi. Mtoto wa miaka miwili hatembei siku nzima namna hiyo. Akiwa mmoja utamfunga mgongoni kwa kitenge. Wakiwa wawili, baba na mama wote wana mizigo na hakuna wa kushika maji wala nepi. Ndiyo maana nilitafuta pusete ya wawili, ile ambayo watoto wanakaa bega kwa bega.

Shemeji alinionya mapema: kule pusete zina kipimo. Tangu tarehe 1 Mei 2019 isizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132, na vile vigari vya kuvuta kama toroli havikubaliwi kabisa. Nilimwandikia muuzaji vipimo hivyo kabla ya kulipa hata franka moja. Jibu lake ninalo bado kwenye simu: “Mama Mapasa, usiogope. Hii njo ya Bulaya kabisa, benyewe banaingiaka nayo mule.” Akatuma na picha, mita ya fundi imelazwa juu ya pusete, inasomeka sentimita 76.

Hapo ndipo alinikamata, na ninaomba muangalie vizuri. Mita ile ilikuwa imelazwa juu ya kiti, kutoka ukingo hadi ukingo wa kitambaa. Pusete haipimwi kwenye kiti. Sehemu yake pana kuliko zote kwa kawaida iko chini, nyuma, kutoka ubavu wa nje wa gurudumu la kushoto hadi ubavu wa nje wa gurudumu la kulia. Kwenye ile yangu hapo palikuwa na sentimita 86. Mtu anayeuza pusete kila siku hawezi kukosea hapo.

Bei tuliyopatana ilikuwa dola 280. Avanse 100 kwa simu, 180 nikipokea mzigo. Nilipotuma, ujumbe wa uthibitisho ulileta jina la mwanamke, wakati mimi nilikuwa nikiongea na mwanamume. Akasema ni namba ya mke wake. Nikaamini. Wiki mbili kimya, kisha ujumbe: pusete imezuiwa duane (forodhani) Kasumbalesa, mpakani, ongeza dola 40 itoke leo. Nikauliza karatasi ya duane. Akasema karatasi iko kwa dereva. Jamani, ushuru wa halali una karatasi ya DGDA, idara ya duane ya nchi, na hautumwi kwenye simu ya mtu. Hilo nilikuwa nalijua. Lakini tiketi za ndege zilikuwa zimeshalipwa, siku zimebaki nne, na nilishatoa 100. Nikatuma zile 40.

Pusete ilifika usiku wa kuamkia safari, saa mbili, umeme umekatika mtaa mzima. Sasa nimeongea na wamama wengine wawili na wote waliletewa usiku, siku ya mwisho kabisa. Anakuuliza tarehe ya safari yako mapema, kwa upole, kama mtu anayekujali. Kijana wa pikipiki alisimama kwenye geti na katoni iliyozungushiwa skochi tabaka tatu. “Mama, lipa mbio, niko na kosi ingine Ruashi.” Mume wangu akataka kufungua kwanza. Kijana akasema ameambiwa asifungue bila pesa, ama arudi nayo. Tukalipa 180. Tukaifungua kwa mwanga wa simu, tukaizungusha uani mara mbili, watoto wakacheka, tukalala. Jumla dola 320.

Addis Ababa, tukielekea ndege ya pili, upande wa kulia ulishuka ghafla. Mwanangu wa kike alikuwa amekaa upande huo, mkono wake juu ya bomba, karibu na bawaba ya kukunjia. Niliuvuta mkono ule nikasikia chuma kinabana, tak, pale pale vidole vyake vilipokuwa. Hakuumia. Lakini mimi miguu iliniisha nguvu, nikakaa chini katikati ya watu wanaopita. Tuliifunga bawaba kwa mkanda wa suruali ya mume wangu hadi Florida.

Baadaye nilisoma juu ya jambo hili. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren iliita zirekebishwe pusete zake zipatazo milioni moja nchini Marekani, za mtoto mmoja na za wawili, kwa sababu bawaba zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto 12. Dawa yake ilikuwa vifuniko vya kuvika kwenye bawaba. Mimi sisemi yangu ilikuwa ya kampuni hiyo. Nasema kwamba okazio inayotoka Ulaya au Marekani inaweza kuwa kitu ambacho wenyewe walishaambiwa waache kukitumia, na wewe huku hakuna atakayekuambia.

Siku ya kwanza ya bustani tulikwenda Magic Kingdom. Unaacha gari kwenye maegesho, unapita penye kukaguliwa mizigo, halafu unapanda kivuko kuvuka ziwa, au treni ya reli moja inayolizunguka. Pale kwenye ukaguzi mfanyakazi mmoja aliitazama pusete yetu, akaomba ruhusa kwa adabu, akapima chini nyuma. Sentimita 86. Hakutugombeza. Alisema tu kwamba haiingii, tuirudishe kwenye gari. Watoto walikuwa wameshaona kivuko na walikuwa wanaruka ndani ya mikanda. Mikanda yenyewe, mmoja ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa viatu; hilo nalo niliona siku ile kwenye jua.

Tukawabeba. Ndani ya bustani wanakodisha pusete, na ya watoto wawili tulilipa dola 31 kwa siku. Ni za plastiki ngumu, kiti hakilali, na haziruhusiwi kutoka nje ya bustani ile uliyokodia. Maana yake usiku, watoto wamelala kama magunia, unairudisha pusete mlangoni na safari ya kivuko hadi kwenye gari ni ya mabegani. Siku tatu, dola 93 juu ya zile 320. Siwalaumu wenye bustani hata kidogo. Njia za kule zinajaa watu, na kipimo walikitangaza.

Ukweli wenyewe ulitolewa na mvua. Pusete ilibaki kwenye veranda ya shemeji, na siku ya pili ile mvua ya alasiri iliipiga. Asubuhi jina kubwa la kampuni kwenye bomba la mbele lilikuwa limejikunja kama ganda la kitunguu. Nikalivuta kwa kucha, likatoka lote. Ilikuwa stika. Chini yake palikuwa na matundu mawili ya ribiti na alama za msasa, pale kibati cha asili kilipong'olewa. Shemeji akakwaruza kwa ufunguo karibu na bawaba ya kulia. Chini ya rangi ya kijivu ya kupuliza tulikuta mshono wa kuchomelea, mnene, umepita bomba karibu lote. Lilikuwa limekatika, likaungwa. Aliyepuliza rangi ile aliona mshono. Alijua kuna mtoto atakaa juu yake.

Kwa hiyo mkitafuta pusete ya okazio, kwa huyu au kwa mwingine, ulizeni kibati kwanza, kabla ya bei. Pusete iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inatakiwa kuwa na alama ya kudumu yenye jina la kampuni, namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa. Za Ulaya tafuteni EN 1888, ndicho kiwango chao. Ukiwa na modeli na tarehe, unaweza kuangalia mwenyewe kwenye intaneti kama imewahi kuitwa irudishwe. Kibati hakipo, au kimekwaruzwa, acha hapo hapo, hata kama anapunguza. Mita ya fundi sokoni ni bei ndogo: mwambie apime chini nyuma, gurudumu hadi gurudumu, mbele yako, mchana. Ikunje na kuikunjua mara kumi. Ukiikunjua isikike imejifunga, kisha uikandamize kwa uzito wako wote. Weka breki, weka mfuko wa unga kwenye kila kiti, isukume kwenye mteremko. Pitisha kidole juu ya kila bomba karibu na bawaba. Rangi inaficha mshono machoni, lakini kidole kinausikia.

Na pesa yote itoke mkononi mwako katoni ikiwa wazi. Avanse ndiyo kamba yake. Akikwambia kuna mteja mwingine anasubiri, mwache amuuzie huyo.

Kwa safari yenyewe nitawapa maoni yangu, maana dada yangu anapanga kwenda na wanawe na nimemwambia hivi hivi: usinunue pusete kubwa ya wawili kwa ajili ya safari moja. Chukua mbili ndogo nyepesi, zile zinazokunjika kama mwamvuli. Kwenye ndege mashirika mengi yanakuachia uzisukume hadi mlangoni pa ndege, na moja ikiharibika nyingine inabaki. Kama lazima iwe moja, pale Orlando, mji ulio karibu na bustani, kuna wanaokodisha pusete zenye vipimo vinavyokubalika, na hizo unatoka nazo, unalala nazo, unaenda nazo bustani nyingine kesho yake. Kwenye vivuko na treni ile unaingia bila kuikunja; kwenye mabasi inakunjwa, kwa hiyo jaribu kuikunja kwa mkono mmoja ukiwa na mtoto kwenye mkono wa pili. Ukishindwa nyumbani, kwenye foleni ya basi saa nne usiku utashindwa zaidi.

Nilimwandikia muuzaji nikiwa bado kule, nikamtumia picha ya mshono. Alijibu mara moja: “Mama, weye njo ulivunja.” Kisha akanifungia. Niliporudi nilikwenda kutoa malalamiko, yakaandikwa, nikaacha nakala za jumbe zote na za malipo. Kama na wewe alikufanyia, usifute chochote: jumbe, namba, jina lililokuja kwenye uthibitisho, picha ya katoni. Niandikie kwa faragha tuunganishe. Mtu mmoja mwenye dola 320 hasikilizwi sana, lakini watano wenye picha ile ile na maneno yale yale ni jambo lingine. Yule mama wa Katuba ameshakubali.

Picha anayotumia ni hii: pusete ya kijivu yenye kifuniko cha jua cha rangi ya chungwa, juu ya vigae vyeupe, nyuma kuna mlango wa bluu ulio wazi nusu, na kona ya kulia chini inaonekana ncha ya kandambili. Jumapili imetokea tena, kwa namba mpya. Bei sasa ni dola 260, anasema imebaki moja tu, na swali lake la kwanza kwa dada aliyemwandikia lilikuwa: “Munasafiri tarehe ngapi?”