Vali ya kumwagia oili kwenye Cessna 172: uzoefu wangu hapa Mtwara

Kama unahudumia ndege ndogo ya Cessna 172 yenye injini ya Lycoming O-320 na mpaka leo unafungua nati ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) kila ukibadilisha oili, nunua vali, kile kikoki kinachokaa mahali pa nati hiyo. Hilo naliweka mbele kwa wale wasio na muda wa kusoma mpaka chini. Sababu yangu si ile inayotangazwa na wauzaji, kwamba utamaliza kazi haraka. Humalizi haraka. Unachookoa ni sampo.

Ndege ninayoihudumia inalala nje pale uwanja wa Mtwara, na safari zake nyingi ni za Kikwetu (uwanja wa Lindi), Nachingwea na Kilwa Masoko. Injini yake haina filta ile ya kufungwa kwa nje, ina chujio la waya tu. Kwa maelekezo ya Lycoming, injini ya namna hiyo inabadilishwa oili kila saa 25 za kuruka, wakati yenye filta inakwenda mpaka saa 50. Na hata kama ndege haijaruka, ikifika miezi minne oili inatoka. Huku pwani hiyo miezi minne usiichezee: ndege iliyokaa tu hukusanya unyevu ndani ya injini, unyevu unachanganyika na masalia ya kuungua kwa petroli yaliyomo kwenye oili, inatokea asidi inayokula vyuma kimyakimya. Kwa hiyo nati ya kwangu ilikuwa inafunguliwa mara mbili ya nati ya fundi mwenye filta.

Nati hiyo ina thredi za bomba, nusu inchi, zile zinazonenepa kadiri unavyoingia. Haizibi kwa washa, inaziba kwa kujikaza. Maana yake kila ukifunga unapigilia kabari kwenye chuma chepesi. Fundi mwenye mkono mzito akiona tone, anaongeza kidogo. Kesho anaongeza tena. Siku moja thredi zinakatika au tundu linapiga ufa, na sampo ya Lycoming huipati madukani Chikongola hapa mjini. Ndege inakaa chini, bosi anapiga simu kila asubuhi.

Halafu kuna upepo. Anayefanya kazi kwenye hanga hawezi kunielewa, lakini kusi ikivuma, oili ya moto ikitoka kwenye tundu haishuki wima. Inapeperuka, inapaka tairi la mbele, inapaka bomba la moshi, inakupaka na wewe mpaka kwenye kiwiko. Na lazima itoke ikiwa ya moto, ndege ikiwa imetoka kuruka, ili uchafu uondoke nayo badala ya kutuama.

Bosi alipoona bei akaniuliza, "Fundi, hiki si kinati tu?" Nikamwambia, "Mzee, kinati ndiyo, ila kina karatasi." Na hapo ndipo wengi wanapotapeliwa. Vali za ndege zinatengenezwa na kampuni zinazojulikana, kama Curtis na Saf-Air, na ya kweli inakuja na fomu 8130-3 ya mamlaka ya anga ya Marekani (FAA) au uthibitisho mwingine kwamba kipuri kimeidhinishwa. Duka moja Dar lilitaka kuniuzia vali iliyofanana kila kitu, bei nusu, bila karatasi. Niliirudisha palepale juu ya kaunta. Ukaguzi ukija, "zinafanana" haiandikwi kwenye kitabu cha injini. Vali za magari nazo zipo nyingi na nzuri kwa magari, ziache huko.

Kuifunga si kazi kubwa, lakini ina adabu zake. Nilisafisha thredi za sampo kwa kitambaa na kutazama kwa tochi kama kuna mahali palipolika. Nikapaka dawa ya thredi kwenye vali, nikaacha thredi za mwanzo bila dawa ili isiingie ndani. Kijana wangu alikuwa tayari ameshika ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Nikamnyang'anya. Tepu ile hukatika vipandevipande, na kipande kikisafiri na oili kinaweza kuziba njia ndogo inayolainisha kitu kikubwa. Nikakaza kwa kipimo cha kitabu, nikafunga waya wa usalama wa milimita 0.8, umevutwa upande wa kukaza ili vali isilegee. Tukawasha injini, tukazima, nikapitisha karatasi nyeupe kuzunguka shingo ya vali. Kavu. Ndipo nikasaini.

Matumizi yake: unachomeka mpira kwenye ncha ya vali, mwisho wa pili kwenye dumu, unaisukuma vali juu mpaka ilie "ka!" na kubaki wazi yenyewe. Kwoti nane, karibu lita saba na nusu, zinashuka kwenye dumu bila tone chini, kusi ivume isivume. Kuifunga unaishusha kwa bisibisi mpaka ilie tena. Ukitaka sampuli ya kupeleka maabara ni raha tupu: acha ya kwanza ipite, chukua ya katikati.

Sasa kero. Inatoa oili polepole kuliko tundu tupu, na kwa kuwa mwili wake umeingia kidogo ndani ya sampo, oili kiasi hubaki chini haitoki. Kwangu si neno, anayetaka tone la mwisho ataumia. Kero ya pili ilinishtua: baada ya kuifunga siku moja ikawa inadondosha tone, tone. Nilishaanza kuilaumu oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, kumbe ni chembe ya kaboni imekaa kwenye kiti cha vali, pale inapokalia ikifungwa. Nikaifungua, nikaiacha oili iioshe, nikaifunga, ikakauka. Tangu hapo, kabla ya kumimina oili mpya, navuta ncha kwa vidole kuhakikisha imeshuka kabisa. Vali iliyoachwa nusu wazi ni injini iliyokufa angani, na rubani haoni kitu mpaka sindano ya presha ianguke.

Kuna uvivu pia unaokuja na vali hii, na nimeuona kwa wenzangu. Kwa kuwa oili inatoka bila kufungua kitu, mtu anamwaga, anajaza, anaondoka. Chujio la waya bado linataka kutolewa na kukaguliwa kama limenasa vipande vya chuma! Sumaku haitakwambia kuhusu vipande vya alumini, macho yako ndiyo yatakwambia.

Watakaokuomba oili chafu hawakosekani, wa kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Ya ndege usigawe hovyo. Petroli yetu ya ndege, avgas 100LL, ina risasi, ile metali yenye sumu, na risasi hiyo inaishia kwenye oili.

Kwa ndege ambazo gurudumu la mbele linakunjwa, soma kwanza orodha ya ndege zilizoruhusiwa kwenye karatasi ya vali. Gurudumu likipanda na kuigusa ncha, litafanya kazi ileile ninayoifanya mimi kwa mkono: litaifungua. Na usichukue vali ya 172 ukadhani itaingia kwenye Cessna 206 yenye injini ya Continental. Kule thredi ni nyoofu na kuna washa ya kuzibia. Andika namba ya injini yako kabla ya kuagiza, kwa sababu mzigo ukishapanda basi la kurudi Dar, pesa yako huisubirii wiki hiyo.