Hema la watu 6 kwa familia ya watu 4: uzoefu wangu, kuanzia paa la nje

Hema ninalolizungumzia ni la kuba. Limeandikwa la watu 6, sakafu yake ni mita 3 kwa mita 3, kimo cha katikati sentimita 190, uzito kilo 11 na ushei pamoja na vigingi. Lina tabaka mbili: chumba cha ndani chenye wavu wa mbu, na paa la nje la poliesta linaloshuka pande zote mpaka kubakiza kama sentimita 10 kutoka ardhini. Tunalala wakubwa 2 na watoto 2. Nimelitumia hapa Uganda: hifadhi ya Ziwa Mburo, Ziwa Bunyonyi na kando ya Ziwa Viktoria upande wa Entebbe, wakati wa jua na wakati wa mvua. Nimeridhika nalo, ila si kwa yale yaliyoandikwa kwenye boksi.

Anayenunua hema la kwanza huhesabu vyumba, madirisha na mifuko ya ndani. Mimi nasema tazama paa la nje kabla ya yote. Mvua ya Uganda haishuki wima ikaisha. Huja na upepo, ikapiga ubavuni, na maji yanayorukia kutoka kwenye udongo mwekundu hupanda hadi kimo cha goti. Misimu yake mikubwa ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, lakini karibu na Ziwa Viktoria radi na mvua kali huja hata miezi ambayo watu wengine wanaiita kiangazi. Hema lenye paa fupi, lile linalofunika utosi tu kama kofia na kuacha ubavu wazi, huvutia dukani kwa sababu ni jepesi, lina hewa na bei yake ni nafuu. Mvua ya upepo ikija hupenya chini ya kofia hiyo, hulowesha kitambaa cha ubavu ambacho hakikutengenezwa kuzuia maji, na magodoro huwa yamekwisha. Ukiwa umeshalinunua, dawa yake ni moja: turubai kubwa la kufunga juu yake kila safari. Kwa hiyo dukani omba lifunguliwe na lisimamishwe. Paa lisipofika karibu na ardhi, ondoka.

Kisha soma lebo. Utakuta namba ya milimita, kwa mfano 1,500 au 3,000. Hicho ni kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla hakijaanza kupenyeza. Kwa paa la nje, chini ya 1,500 nisingenunua. 2,000 hadi 3,000 inatosha kabisa. Sakafu inataka namba kubwa zaidi, 3,000 kwenda juu, kwa sababu goti la mtu mzima aliyepiga magoti kwenye ardhi iliyoloa hukandamiza maji kwa nguvu kuliko mvua inavyofanya juu. Sakafu ya hema langu ni ya plastiki nzito kama turubai la mizigo, nayo imepandishwa ukutani sentimita 15 hivi kama beseni. Sehemu hiyo iliyopandishwa ni ya lazima. Mahali sakafu inaposhonwa na ukuta chini kabisa, ndipo maji yanayotiririka yanapoingilia.

Lakini namba haisemi lolote kuhusu mishono, na hema huvuja kwenye mishono kabla ya kitambaa. Geuza paa ndani nje. Kila mshono uwe na utepe unaong'aa uliobandikwa kwa moto, usiokunjamana wala kuinuka pembeni. Chunguza zaidi pale mishono mitatu inapokutana na pale zipu inapoishia. La kwangu lilikuwa na tundu mahali kama hapo, kwenye pembe ya juu ya mlango, na matone yaliangukia mtoto aliyelala upande ule. Nilipaka gundi ya poliurethani upande wa ndani, nikaiacha ikauke siku nzima, na tangu hapo pamekauka. Usitumie silikoni ya madirisha inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi: kwenye kitambaa kilichopakwa poliurethani haishiki, hubanduka kama ngozi.

Kasoro kama hizo zipatikane nyumbani, si porini usiku. Simamisha hema uani siku ya jua. Ingia ndani saa sita mchana, funga kila kitu, ukatazame mishono. Palipo na tundu utaona nuru ndogo kama nyota. Halafu chukua majerikeni 2 ya lita 20, panda juu ya kiti, mwagia polepole mshono mmoja baada ya mwingine huku mwenzako yuko ndani na kitambaa kikavu akipapasa. Kazi yote ni saa moja, nayo inakupa nafasi ya kulirudisha dukani kabla halijachafuka.

Kuna maji mengine ambayo wageni wa mahema huyalaumu bure. Watu 4 wakipumua usiku kucha ndani ya hema lililofungwa, pumzi yao hugeuka matone kwenye paa la nje linapopoa, hasa Bunyonyi ambako ziwa liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na alfajiri ni ya baridi kweli. Tofauti ni rahisi kuiona. Matone madogo yaliyotapakaa upande wote wa ndani wa paa, asubuhi ambayo mvua haikunyesha, ni pumzi. Mstari wa maji unaofuata mshono, au dimbwi kwenye pembe moja, ni kuvuja. Dawa ya pumzi ni kuacha vipitisha hewa vya juu wazi usiku kucha, hata mvua ikinyesha, na kuvuta paa la nje lisiguse chumba cha ndani. Acha nafasi ya kiganja kati yao. Godoro au begi likisukuma ukuta mpaka tabaka mbili zikagusana, maji hupita hapo hapo, na mtu atasema hema ni bovu.

Namba ya watu kwenye boksi hupigwa kwa kulaza watu kama samaki kwenye kopo, kila mmoja sentimita 60 au pungufu, bila begi hata moja. Pima kwa magodoro yako. Godoro la futi 4 kwa 6 ni sentimita 122 kwa 183. Mawili ubavu kwa ubavu ni sentimita 244. Hema la watu 4 lenye sakafu ya sentimita 240 kwa 210 haliyachukui, na hata ukiyalazimisha yatagusa kuta zote mbili za ubavuni. Kwenye sakafu yangu ya mita 3 yanaingia, yanabaki mbali na kuta kwa kiasi cha sentimita 28 kila upande, na mbele ya mlango inabaki zaidi ya mita 1 ya kuweka mabegi na kubadilisha nguo. Kanuni ninayoifuata: idadi ya familia ongeza 2. Usizidishe hapo. Hema la watu 10 linataka uwanja mkubwa ulio tambarare, na kulisimamisha penye upepo ni kazi ya watu wazima 4.

Fito za hema langu ni za faibaglasi, unene milimita 9.5. Ni za bei nafuu na zinafanya kazi, lakini hupasuka kwa urefu kama muwa, na vijiti vyake huchoma vidole. Fito za alumini ni nyepesi, na zikizidiwa hupinda badala ya kupasuka. Ukiwa na uwezo, chukua hizo. Mwenye fito za faibaglasi abebe kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa sentimita 15 kinachoweza kuvaa juu ya ufito, pamoja na utepe mgumu wa kufungia. Na tafadhali, ufito husukumwa kupita kwenye mfereji wake, hauvutwi. Ukiuvuta, vipande vinaachana ndani, unalazimisha, na ncha iliyoachana inakatika.

Vigingi vilivyokuja na hema ningevitupa siku ya kwanza. Ni waya wa sentimita 18. Kwenye murramu ngumu hupinda kwa pigo la pili, na kwenye udongo uliolowa hung'oka. Mchukulie fundi wa kuchomelea, pale Katwe ya Kampala au popote, nondo ya milimita 8. Akate vipande vya sentimita 35, akunje sentimita 5 za juu kama ndoana, achonge ncha. Nahitaji 12: pembe 4, kamba 6, mlango 2. Hiyo ni mita 4.2 za nondo, uzito kilo 1 na nusu na zaidi kidogo. Funga kitambaa chekundu kwenye kila kimoja, watoto wasijikwae. Kigingi kipigwe kikiwa kimelalia upande ulio mbali na hema, kamba ishuke kwa mshazari wa nusu pembe mraba. Wengi huziacha kamba zile kwenye mfuko kwa kuwa hema limesimama bila hizo. Hema la kimo cha sentimita 190 bila kamba, upepo wa kabla ya mvua hulilaza chini.

Kasoro kubwa ya hema langu ni mpangilio wa kulisimamisha: chumba cha ndani kwanza, paa baadaye. Mvua ikikukuta katikati, chumba kinajaa maji. Yapo mahema yanayoanza na paa, au yanayosimama yote mawili yakiwa yameunganishwa, na leo ningelipa zaidi kupata la aina hiyo. Kwa sasa tunafika mapema, kabla ya saa tisa alasiri, na paa linakaa juu kabisa kwenye mfuko, tayari. Watu wazima 2 hutumia dakika 25 mara ya kwanza, 15 wakishazoea.

Turubai la chini liwe dogo kuliko sakafu kwa sentimita 5 hadi 10 kila upande. Likichomoza nje, linakusanya mvua na kuipeleka chini ya godoro. Usipige hema chini ya mfenesi au mparachichi wenye matunda, wala chini ya mikaratusi, ambayo Bunyonyi imejaa, kwani hudondosha matawi hata siku isiyo na upepo. Mti uliosimama peke yake uwandani uepuke kwa ajili ya radi. Ngurumo zikikaribia, watu wahamie kwenye gari au jengo. Tazama chini kama kuna msafara wa siafu. Mburo na Mweya, kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth, viboko hutoka majini usiku kula majani, basi uliza askari wa hifadhi njia zao ni zipi, na usisogee ukingoni kwa kufuata mandhari. Chakula kisilale ndani ya hema, hata ndizi moja. Nyani na ngiri watachana ukuta kuitafuta. Kwa wanaokwenda hifadhi ya Murchison, usichukue hema la buluu iliyokolea au jeusi: mbung'o hufuata rangi hizo, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi.

Na sigiri isiingie ndani ya hema, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Baridi ya Kabale, mji ulio karibu na Bunyonyi, huwashawishi watu kufanya hivyo. Moshi usioonekana wa makaa hauna harufu na huua familia nzima usingizini. Ongezeni mablanketi, na mkeka chini ya godoro. Baridi nyingi hutoka ardhini.

Zipu huuawa na vumbi jekundu. Isugue kwa mswaki wa zamani uliokauka kila jioni, na usiivute kwa mkono mmoja penye kona. Wavu uwe na matundu madogo kama ya chandarua cha kitandani. Entebbe wale wadudu wadogo wa ziwani, sami, hufuata taa kwa maelfu, hivyo zima taa kabla ya kufungua mlango.

Mahema yanayofunguka yenyewe ni mazuri kwa mwenye gari. Mfuko wake huwa mrefu zaidi ya mita 1, haukai kwenye boda wala chini ya kiti cha teksi. Wangu ni sentimita 68 na unakaa. Ya kanvasi hudumu na ni baridi mchana, lakini uzito wake ni mara 3 au 4, na mchwa huyala yakiachwa chini. Mitumba ya soko la Owino, Kampala, inaweza kukupa hema bora kuliko jipya la bei hiyo, kwa sharti moja: linuse na usugue upande wa ndani wa paa kwa kidole gumba. Likinata, au likinuka kama matapishi, mpako wake wa kuzuia maji umeoza na hauponi.

Siku ya kuondoka, kung'uta, futa paa kwa kitambaa, kunja. Likiwa limeloa, lianikwe nyumbani siku hiyo hiyo, kivulini. Siku 2 ndani ya mfuko zinatosha kuota ukungu, na madoa yake hayatoki. Likishakauka lirudishe mfukoni, usiliache limesimama uani wiki nzima watoto wachezee, kwa sababu jua letu hula poliesta. Hesabu vigingi vyote 12 kabla ya kufunga mfuko.