Thunderbird: bahasha ina mdomo

Nina meza moja, kompyuta mbili na printa inayokohoa, hapa Kamalondo, Lubumbashi. Kazi yangu ni kuandikia watu: CV, maombi ya kazi kwenye makampuni ya migodi, malalamiko ya kiwanja. Karibu zote nazituma kwa Thunderbird, programu ya bure ya barua pepe ya Mozilla iliyotoka mwaka 2004. Niliichagua kwa sababu ya kimaskini kabisa: naandika barua kumi bila intaneti, kisha nawasha mega za simu dakika mbili, zote zinaondoka.

Sasa kijana mmoja. Alikuwa anaomba kazi Kinshasa, akataka niandike kwamba yuko hukohuko kwa shangazi yake, anaweza kuanza hata kesho. Nikaandika, mteja ni mteja. Baada ya siku mbili karudi amenuna: "Mama, wananiuliza mbona barua imetoka na saa ya Lubumbashi." Uongo ulikuwa wake, lakini bahasha ilikuwa yangu.

Nikaifungua ile barua, nikabonyeza Ctrl na U. Hapo barua inavuliwa nguo, mistari yake iliyofichwa yote inaonekana. Kwenye mstari wa tarehe, +0200, yaani saa mbili mbele ya saa ya dunia. Sisi huku tunaitangulia Kinshasa kwa saa moja, wao ni +0100, basi tarakimu ile peke yake imeshamaliza kesi. Mstari mwingine unataja programu niliyotumia. Na huko juu, seva iliyopokea barua, yaani kompyuta ya posta ya mtandaoni, imeandika namba ya IP, ile inayotambulisha laini yangu ya intaneti. Ukiandikia ndani ya tovuti ya Gmail, IP yako haionekani kwa unayemwandikia. Programu ya kwenye kompyuta inabisha hodi yenyewe, na mwenye mlango anaandika nani kabisha.

Mambo mawili yanatibika. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya jumla, shuka mpaka chini kabisa ufungue kihariri cha usanidi. Tafuta mail.sanitize_date_header, uiweke true: tarehe itatoka kwa saa ya dunia, +0000. Kisha mailnews.headers.sendUserAgent iwe false, jina la programu linyamaze. Dakika tano tu. Lakini nani angejua? Vitu vya maana hivi wamevitupa stoo, nyuma ya onyo la kutisha, huku rangi za dirisha zikipangwa sebuleni. Nyota moja naikata hapo. IP haitibiki ndani ya Thunderbird. Hiyo inataka VPN, huduma inayopitisha mtandao wako kwa mlango wa mtu mwingine, na VPN yangu inavuta mtandao kama punda mgonjwa, kwa hiyo naiwasha kwa barua za viwanja tu.

Kwa barua zinazoingia sina lawama. Picha za mbali hazipakuliwi mpaka niruhusu, basi mtumaji hajui kama nimefungua, na mega zangu zinapona.

Jambo jingine, kwa wenye ofisi kama yangu yenye mikono mingi: bila neno kuu la siri, lile linalofunga nywila zote za programu, yeyote anayekaa kwenye kiti chako anaweza kuzisoma nywila ulizohifadhi, waziwazi, herufi kwa herufi. Mwanafunzi wangu ndiye alinionyesha, akicheka. Sikucheka.

Usimbaji wa OpenPGP, yaani kuifunga barua isomwe na mwenye ufunguo tu, umo ndani tangu toleo la 78 la mwaka 2020. Nautumia na dada yangu wa Ndola tu, kwa sababu lazima kila upande uwe na ufunguo, na sijawahi kuona ofisi ya ajira yenye ufunguo. Unaficha maneno na hata kichwa cha habari, ila nani kamwandikia nani, hiyo inabaki nje.

Nyota nne. Yule kijana alirudi wiki iliyopita na ombi jingine la Kinshasa. Nikamwambia mashine sasa inaficha saa. Akafikiri kidogo, akasema niandike tu anwani ya Kamalondo.