Abbey Road, toleo la CD mbili: anzeni na jaribio la tisa

Mimi ni mpiga gitaa, na toleo hili la mwaka 2019 nililinunua kwa ajili ya wimbo mmoja tu, Here Comes the Sun wa George Harrison. CD ya kwanza ni albamu nzima ya Beatles ya 1969, sauti zikiwa zimechanganywa upya na Giles Martin, mtoto wa prodyuza wao George Martin. Besi imejaa, waitikiaji wanasikika mmoja mmoja. Safi. Ila utamu wenyewe uko CD ya pili: jaribio la tisa la wimbo huo, lililorekodiwa tarehe 7 Julai 1969, siku Ringo Starr alipotimiza miaka 29.

Humo hamna kinanda cha kielektroniki cha Moog wala fidla. Hivyo viliongezwa Agosti. Yupo Harrison na gitaa, Paul McCartney kwenye besi, Ringo kwenye ngoma. John Lennon hayupo, alikuwa amepata ajali ya gari kule Scotland.

Wimbo wenyewe ulitokana na mtu kuelemewa. Januari ya mwaka ule Harrison aliiacha bendi kwa siku kadhaa, Februari akatolewa tonsili, Machi polisi wakamkamata nyumbani kwake kwa bangi. Na bado vikao vya kampuni yao ya Apple, wahasibu wanaingia, wanasheria wanatoka, saini hapa, saini pale. Siku moja akatega. Akaenda kwa rafiki yake Eric Clapton, Surrey, akachukua gitaa moja la mwenyeji wake, akazunguka nalo bustanini jua likiwaka baada ya baridi ndefu ya Uingereza. Wimbo ukaanzia hapo, na jaribio la tisa ndilo lililo karibu zaidi na bustani ile.

Wanaojifunza: kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya saba, vidole vishike kama unapiga kodi ya D. Mwanzo hausumbui. Kazi iko kipande cha katikati anaporudia neno jua, mapigo yanavunjika na kuungana tena, alama ya muziki wa Kihindi alioupenda sana. Hapo narudisha nyuma mara kwa mara nimfuate Ringo, maana hakuna kilichomfunika.

Toleo la sanduku kubwa la albamu hii lina jaribio hilohilo na mengine mengi. Kama shida yako ni wimbo huu, chukua CD mbili. Sahani moja ya santuri inapendeza, lakini jaribio la tisa halimo.