Ikwalaiza ya Spotify kwenye iPhone
Ikwalaiza hii, yaani kirekebishi cha nguvu za sauti nene na nyembamba katika programu ya muziki ya Spotify, ni ya grafu: ina vitelezi 6, kila kimoja cha masafa yake, kuanzia hezi 60 (sauti nene) hadi hezi 15,000 (sauti nyembamba), navyo hupandishwa na kushushwa tu, bila kuhamishwa. Kwa taarabu inatosha, kwani ukishusha kidogo kitelezi cha hezi 150, besi huacha kumfunika mwimbaji na ganuni husikika waziwazi. Lakini mlio unaokera ukiwa karibu na hezi 5,000, hapo hakuna kitelezi, na kushusha cha 2,400 hufifisha maneno ya wimbo. Kazi hiyo inahitaji ikwalaiza ya parametriki, kama iliyomo katika programu ya kuchezea muziki ya Roon, ambayo humwezesha msikilizaji kuchagua masafa yenyewe, kiasi cha kupunguza na upana wa eneo litakaloguswa.