Breki zilisaga, pedi ikaonekana nzima: uzoefu wangu na fundi wa Nyakato

Tunakaa Isamilo hapa Mwanza, juu kabisa, kule ambako bodaboda akisikia unapokwenda anapandisha bei hata hujakaa kwenye siti. Asubuhi tukishuka mjini ni mguu kwenye breki mwanzo mwisho. Kwa hiyo RAV4 yetu ya 2007 ilipoanza kulia mwezi wa tatu, sikushtuka. Nilipandisha sauti ya redio, nikaendelea na safari zangu.

Mlio wa kwanza ulikuwa mwembamba, kama kijiko kinachokwaruza sahani ya bati. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba kuna kibati kidogo kinafungwa makusudi kwenye pedi, kile kipande kinachobana diski (sahani ya chuma inayozunguka na tairi) ili gari lisimame; pedi ikibaki milimita 2 au 3 kibati kinagusa diski na kupiga kelele. Kibati changu kilifanya kazi yake wiki mbili nzima, mimi nikikizidi kwa redio. Wiki ya tatu kikanyamaza, ukaja mlio mwingine, mzito, unaousikia mpaka kwenye nyayo ukikanyaga pedeli. Mwanangu wa darasa la tatu akasema, "Mama, gari linasaga mahindi."

Nikapita kwa fundi wa karibu na nyumbani. Akapiga magoti, akamulika tochi ya simu kwenye matundu ya rimu. "Dada, pedi nene kabisa hizi. Vumbi tu hilo." Akamwaga maji, akapuliza kwa kompresa, nikampa elfu 5. Mlio ulirudi kabla sijafika mjini. Na hakuwa ananidanganya, alichokiona kilikuwa kweli. Shida ni kwamba alichungulia upande mmoja tu.

Shemeji yangu, ambaye ameendesha njia ya Sengerema tangu enzi za kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo, kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025, ndiye aliyenielekeza gereji moja Nyakato. Mzee wa pale hakushika spana kwanza. Aliuliza: inasaga ukikanyaga tu, au hata usipokanyaga? Ukikata kona mlio unabadilika? Maana mlio unaobadilika kwenye kona bila breki humpeleka kwenye beringi ya tairi, na mkwaruzo mwepesi usiokoma mara nyingi ni kokoto iliyonasa kati ya diski na bati la nyuma yake. Kwa barabara zetu za mawe, hilo analiona sana. Wangu ulikuja nikikanyaga tu. Tukaingia garini mimi na yeye, tukazunguka mtaa, tuliporudi akadondosha maji kidogo kwenye kila rimu ya mbele. Ya kulia yalitiririka. Ya kushoto yalichemka, tsss.

Hapo sasa akapiga jeki, akavua tairi, akafungua kalipa, ile mashine inayozibana pedi mbili kwenye diski, moja ndani na moja nje. Pedi ya nje ilikuwa nene kama alivyosema yule wa kwanza. Ya ndani haikuwa na pedi tena. Kilichobaki ni bati tupu, limeng'aa kama kitako cha sufuria kilichosuguliwa kwa mchanga wa ziwani. Upande wa ndani wa diski ulikuwa na mifereji, ukipitisha kucha inanasa.

"Mayu, njoo uone," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma. Akanionyesha pini mbili ambazo kalipa inateleza juu yake. Ya juu ilitoka kwa vidole. Ya chini ina mpira mwembamba nchani, na ule mpira ulikuwa umevimba mpaka pini imekwama. Kalipa ikikwama, pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake, ya nje inabaki inatazama tu. Akanusa ile grisi, akacheka: grisi ya beringi. Aliyenibadilishia pedi mwaka jana aliipaka hiyo, na grisi ya mafuta ya petroli huvimbisha mipira ya breki. Inatakiwa ya silikoni, ile maalumu ya breki.

Mimi nilitaka diski ichongwe kwa mashine, ni nafuu. Akachukua venia, kile kifaa cha kupimia unene, akapima, akanisomesha maandishi yaliyogongwa kwenye diski yenyewe: MIN TH, yaani unene wa mwisho unaoruhusiwa, na namba ya milimita. Yangu ilikuwa tayari chini ya hapo kabla ya kuchongwa. Sikuwa na la kubisha. Nikanunua mbili, maana hakukubali kufunga moja mpya na moja kuukuu kwenye ekseli moja.

Hesabu ilikaa hivi: diski mbili 190,000, pedi za mbele 65,000, pini na mipira yake 15,000, mafuta ya breki 12,000 (yaliyotoka yalikuwa meusi kama chai ya mkandaa), ufundi 40,000. Jumla 322,000. Ningeenda siku ile ya kijiko na sahani, diski zisingehusika, ningetoka kwa kama 130,000. Mume wangu amenikumbusha hilo mara nne mpaka sasa.

Malalamiko ninayo. Aliniambia kazi itachukua saa mbili tu, nikakaa kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, nusu ya muda huo tukimsubiri kijana wa boda aliyetumwa spea akarudi na pedi za gari lingine. Na nati za tairi alizikaza kwa kupanda juu ya spana kwa mguu! Niliomba azirudie kwa mkono baada ya kuendesha siku mbili, akarudia bila kununa.

Aliniagiza pia nizizoeshe pedi mpya: kutoka kilomita 50 kwa saa nipunguze taratibu mpaka 10, bila kusimama kabisa, mara kumi, nikiziacha zipoe katikati. Nilifanya Jumapili alfajiri barabara ya uwanja wa ndege, Pasiansi bado wamelala. Harufu ya kuungua ilinitisha mara ya sita hivi, lakini alishaniambia itakuwepo.

Huu ni mwezi wa pili tangu nitoke kwake, kimya, na rimu zote mbili za mbele zinachafuka vumbi la pedi sawasawa. Nampa nyota nne, ya tano imeliwa na ule muda wa kusubiri. Pedi za nyuma alizipima, zimebaki milimita 5 pande zote, ndani na nje. Nitarudi kwake kabla ya shule kufunga, safari hii na kiti changu na chapati.