Kikombe kimoja, habari mbili

Aprili 2020 Rais Andry Rajoelina wa Madagaska alikunywa Covid-Organics, kinywaji cha mmea wa pakanga alichokitangaza kuwa tiba ya korona, mbele ya kamera. Vyombo vya habari vya nje vililisimulia tukio hilo kwa namna mbili.

Ya kwanza iliishia kwenye chupa na kejeli: Afrika na miti shamba yake, basi. Inasomeka haraka, haikuambii kitu.

Ya pili iliuliza: kimejaribiwa kwa wagonjwa wangapi? Ikakumbusha kwamba artemisinini, dawa ya malaria iliyompa mwanasayansi wa China Tu Youyou Nobel mwaka 2015, ilitoka kwenye pakanga hiyohiyo; ila malaria si korona.

Naichukua ya pili, na ndiyo kali zaidi. Mzaha Rajoelina aliujibu kirahisi: ingekuwa nchi ya Ulaya, mngetilia shaka? Swali la wagonjwa halijibiwi hivyo.